Karatasi ya matukio ya mtaa: namna ninavyoikusanya, kuihakiki na kuibandika Sinza na Mwenge

Mtu akitaka kufanya jambo lolote hapa Sinza, Dar es Salaam, atapita kwangu kabla hajafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Nina steshenari: nachapa, natoa kopi, nafunga vitabu vya wanachuo. Bendi inayotafuta watu, dada anayefungua saluni, kamati ya harusi, kikoba kinachoandika katiba, kijana anayetaka kuonyesha michoro yake uani kwa mjomba wake, wote wanakuja na flashi au wananitumia kwa WhatsApp: "Mama, nitolee hamsini." Mimi nikawa najua yote, na jirani yangu wa ukuta mmoja hajui lolote. Tangazo linabandikwa nguzo moja ya umeme, mvua inapiga, basi, limekwisha.

Ndipo nikaanza kutoa karatasi ya A4 kila mwezi, pande mbili. Mbele sanaa na burudani, nyuma biashara. Watu wa Tandale na wa Makongo wamekuwa wakiniuliza inatengenezwaje ili nao watoe ya kwao. Haya, nawaelekeza, ila mjue hii ni kazi ya miguu zaidi kuliko kompyuta.

Chora mpaka, kisha uuheshimu

Mimi nachukua Sinza yote, Mwenge, na kipande cha Kijitonyama hadi Kijiji cha Makumbusho. Nikitoka hapo naenda Mikocheni kwa ajili ya Nafasi Art Space peke yake, kwa kuwa wasanii wengi wa huku kwetu wana karakana kule kwenye yale makontena. Kipimo changu ni kimoja: mahali nisipoweza kufika kwa miguu au kwa bajaji baada ya kufunga duka, nikaliona geti kwa macho yangu, si mtaani kwangu. Kuna watu wa Mbagala na Tegeta wananiletea mambo mazuri kabisa. Nawaambia wafanye ya kwao.

Mpaka una faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Sinza iko Manispaa ya Ubungo. Ukivuka kwenda Mwenge na Kijitonyama, umeingia Kinondoni. Kwa hiyo mwenye shughuli akikwambia "kibali nimeshachukua manispaa", muulize ipi. Wapo wanaopanga foleni ofisi siyo, wakarudi na karatasi yenye muhuri wa watu wasiohusika, na shughuli ikazimwa saa ambayo nyama iko jikoni. Wewe si polisi wala afisa utamaduni, lakini ukitangaza shughuli isiyo na kibali, watu watakaogonga geti lililofungwa watakukumbuka wewe.

Habari ziko kwa nani

Usikae dukani ukisubiri watu wakuletee. Wanaoleta wenyewe ni wale wale kila mwezi: baa kubwa, wauza viwanja na makanisa yenye spika. Wenye mambo ya maana hawana muda wa kujitangaza.

Anza na fundi wa maandishi, yule anayeandika kwa brashi kwenye kuta na vibao vya maduka. Duka jipya linajulikana kwake kabla hata mwenye fremu hajalipwa kodi. Ukimkuta kwenye ngazi anaandika "SUPU YA PWEZA" kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, muulize linafunguliwa lini. Atakutajia siku, na mara nyingi atakutajia na aliyekataa kumlipa malizio, lakini hayo yabaki kwenye ngazi.

Wa pili ni kijiwe cha bodaboda. Hawa wanajua baa ipi ina bendi kweli na ipi imeandika bendi halafu kuna kijana na spika mbili. Ndio waliowarudisha watu nyumbani usiku wa jana, kwa hiyo wanajua pia nani alijaza na nani alilala njaa. Wa tatu ni fundi cherehani: akishonea watu sare ya kitenge, kuna kikundi kinaandaa kitu. Wa nne ni mama lishe, kwa sababu anapewa oda ya sahani. Mama lishe akikwambia ameagizwa sahani mia mbili za pilau kwa Jumamosi, hiyo siyo tetesi tena.

Upande wa sanaa, lazima uende mwenyewe. Soko la vinyago la Mwenge huwezi kulifanyia kazi kwa simu. Kijiji cha Makumbusho, pale kwenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, nenda getini ukaulize ngoma ya wiki hii ni ya nani. Nafasi, walioko Mikocheni tangu mwaka 2008, hutoa ratiba yao vizuri tu, ila nenda ukazungumze na msanii mwenyewe karakanani, maana ratiba itakupa kichwa cha onyesho na haitakwambia kwamba jamaa ametengeneza sanamu zake zote kwa vyuma vya pikipiki. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko hapo juu kilimani: wanafunzi wa sanaa za maonyesho wana michezo yao ambayo watu wa Sinza hawaendi kwa kudhani ni ya wasomi tu. Piga hodi idarani, uliza.

Maswali matano, na yote yajibiwe

Nini, nani, wapi, lini, bei gani. Yanaonekana mepesi, lakini karibu kila tangazo linalonifikia limekosa moja, na ninalibandika ukutani nyuma ya mashine mpaka mwenyewe alete jibu.

Kwenye "lini" ndiko watu wanakopotea zaidi. Kwanza, usiandike kamwe "Jumamosi hii". Karatasi itakaa ukutani kwa mama lishe mwezi mzima, na kila wiki ina Jumamosi hii yake. Andika siku na tarehe pamoja, ili moja ikikosewa nyingine ishtaki. Pili, saa. Vijana wengi wanatengeneza matangazo kwa simu na programu inawawekea "8:00 PM". Nusu ya mtaa inasoma nane, inasema haya, saa nane. Mtu anatoka kazini mchana kwa ruhusa ya uongo, anakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Andika saa 2 usiku, kwa Kiswahili, na neno la wakati lisikosekane: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri.

Tatu, usiku unaovuka. Shughuli ikianza Jumamosi saa 6 usiku, hiyo ni tarehe ya Jumamosi au ya Jumapili? Weka "Jumamosi kuamkia Jumapili" na tarehe zote mbili, kila mtu ataelewa, hata bibi.

Nne, na hapa inabidi uwe mkali kidogo, tenganisha saa ya mlango na saa ya kuanza. Mwenye ukumbi atakwambia saa 2. Mpiga ngoma atakwambia, ukimuuliza faragha, kwamba yeye anashuka kwenye daladala saa 3 na nusu. Basi andika: mlango saa 2, bendi hupanda saa 4. Wenye kumbi wengine walinuna nilipoanza kuandika hivi. Siku hizi wanaleta saa zote mbili wenyewe, kwani waligundua kwamba mtu anayejua bendi inapanda saa 4 anakuja saa 3 na nusu ana furaha na anaagiza, wakati anayedanganywa saa 2 anafika, anakunywa soda moja kwa hasira na kuondoka.

"Wapi" ni suala la alama. Mji huu tunaelekezana kwa vituo, na vituo vya Sinza vina historia yao: Mori, Kumekucha, Kijiweni, Makaburini, Kwa Remmy. Hicho cha mwisho ni jina la marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akaja kukaa nasi hapa hapa, akafariki mwaka 2010, na makonda bado wanamtaja kila siku mara mia. Tumia kituo kwanza, halafu upande, halafu kitu kisichohama. Geti la bluu linapakwa rangi. Kibanda cha chipsi kinahamishwa na mgambo. Msikiti, shule, transfoma, hivyo vinabaki. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, kwa hiyo ongeza jina la mtaa na namba mwishoni kwa ajili ya wanaotumia ramani ya simu. Lakini usianze nayo, maana mtu wa bodaboda bado atakuuliza, "Hapo ni karibu na wapi?"

Bei nayo ina ujanja wake. "Kiingilio poa" si bei. "Kiingilio kinywaji chako" ni bei, ila sema kinywaji hicho kinaanzia shilingi ngapi. Na mtu akisema bure, muulize swali la pili: bure mpaka ndani, au bure mpaka mezani? Kuna bure ambayo ukikaa tu unaletewa oda usiyoiomba.

Huu hapa mfano. Kijana aliniletea hivi:

"USIKOSE!!! Bonge la usiku wa taarab na mduara! Wasanii kibao, nyama choma, vinywaji baridi balaa. Ijumaa hii. Kiingilio poa. Wote mnakaribishwa!"

Baada ya kumkalisha kwenye benchi na kumuuliza, ikawa hivi:

"Taarab na mduara, bendi ya laivu. Ijumaa tarehe 14. Mlango saa 2 usiku, bendi hupanda saa 4 hadi saa 8 usiku. Ukumbi wa uani nyuma ya kituo cha Kumekucha, Sinza, mkabala na transfoma. Kiingilio 5,000, wanawake kabla ya saa 3 usiku bure. Bodaboda zina maegesho, magari hakuna."

Akasema nimemuondolea utamu. Nikamwambia utamu ni kazi ya bendi. Sifa hazimfikishi mtu mlangoni; anachohitaji ni kujua atoke nyumbani saa ngapi na shilingi ngapi mfukoni.

Kuandika juu ya sanaa bila kuremba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo karatasi za watu wengine zinapofanana zote. Zinasema "kazi nzuri za mikono zenye kuvutia". Hayo ni maneno ya mtu ambaye hakwenda.

Ukienda kwa mchongaji pale Mwenge, usianze na maswali. Shikamoo kwanza kama ni mzee, kisha vuta kigoda, tazama. Atakuwa amebana gogo kwa miguu, tezo mkononi, vipande vinaruka. Akibadilisha akachukua patasi ndogo ujue amefika kwenye sura, na hapo usimsemeshe. Akifika kwenye msasa, sasa uliza, maana msasa ni kazi ya mkono tu na mdomo wake uko huru. Maswali yangu ni matatu: huu mti gani, umechukua muda gani, nani alikufundisha. Majibu yake ndiyo habari. Mzee mmoja alinijibu kwamba alifundishwa na mjomba wake, na kwamba mjomba alikuwa akimnyang'anya kinyago kila kikifika kwenye macho, akamalizia mwenyewe, kwa sababu macho yakikosewa hayarekebishiki. Niliandika hivyo hivyo, sikuongeza neno, na watu walikwenda kumtafuta "mzee wa macho".

Jua majina ya vitu. Kinyago cha Kimakonde chenye watu waliopandana, kila mmoja amemshika mwenzake kuanzia chini hadi juu, kinaitwa ujamaa. Chenye viumbe vya ajabu, sikio moja, tumbo limetoboka, ni shetani. Chenye mikunjo mikunjo isiyo na sura kamili ni mawingu. Ukiandika "vinyago mbalimbali" umemkosea heshima mtu aliyekaa miezi kwenye gogo moja. Andika: ujamaa wa watu kumi na watatu, kipande kimoja cha mpingo, urefu wa kiuno.

Na hakikisha ni mpingo. Mpingo halisi ni mzito mpaka unazama kwenye maji, na una rangi mbili: ngozi ya nje ni njano iliyopauka, kiini ndicho cheusi, ndiyo maana wachongaji wengi huacha ukanda wa njano kusudi uonekane. Kuna mti mwepesi unaopakwa rangi ya viatu ukauzwa kwa jina hilo hilo. Mimi natembea na kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo: nasugua sehemu ya chini, kikitoka cheusi naandika "mbao iliyopakwa rangi". Sisemi ni mbaya. Mti wa kupaka una bei yake na mnunuzi wake, ila jina lisiibwe. Wenye maduka walionuna kwa sababu ya kitambaa changu ni haohao waliokuwa wakiharibia wenzao soko.

Michoro ya Tingatinga ni vivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, akauza Oysterbay, na mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu, akaacha wanafunzi, na wanafunzi wakaacha wanafunzi. Sasa ukimkuta kijana wa leo ana ndege na chui mezani, muulize kama amebuni mwenyewe au amenakili kwa oda. Wote wawili wanafanya kazi halali, lakini anayebuni anastahili jina lake kamili kwenye karatasi. Siku hizi kuna anayechora bajaji na foleni ya Ubungo kwa staili ileile ya nukta na rangi kali. Huyo nilimpa nafasi ya juu kabisa, mbele ya baa.

Kwa muziki, sema kitu kimoja tu cha hakika: ni bendi ya laivu au ni spika. Wazee wa mtaa huu wanapima kila kitu kwa Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na Sikinde ya mwaka 1978. Ukiwaambia "muziki wa dansi" wakafika wakakuta kompyuta, usipite mtaani kwao wiki nzima. Vijana wa singeli hawana shida hiyo. Wao spika ikiwa kubwa inatosha.

Upande wa biashara

Nyuma ya karatasi ni rahisi zaidi, nitaupita upesi. Duka jipya linapata mistari mitatu, mara moja, bure: linauza nini, liko wapi, linafungua na kufunga saa ngapi. Anayehama anapata mistari mitatu. Anayefunga pia, ikiwa anataka, kwa sababu wateja wana viatu vyao kwa fundi na wanahitaji kujua waende wapi. Bei za vyakula siandiki, zinabadilika kabla wino haujakauka.

Sheria yangu moja: hakuna anayelipia kuingia kwenye habari. Chini kabisa nina viboksi vinne vilivyoandikwa TANGAZO LA KULIPIA, na hivyo ndivyo vinavyolipa karatasi na wino. Mwenye baa mmoja aliwahi kuniwekea noti mezani ili shindano lake la kucheza liandikwe juu na la jirani yake lisiandikwe kabisa. Nilimuuzia kiboksi, nikamwandikia risiti, na shindano la jirani likakaa palepale. Ukikubali mara moja tu, mtaa wote utajua kabla ya magharibi, na kuanzia hapo hakuna atakayeamini hata tarehe zako.

Kalenda iliyo nje ya kalenda

Kabla hujapanga chochote, chukua karatasi ya pembeni uandike mambo yanayoua shughuli. Januari ni ada za shule. Usitegemee mtu kutoa kiingilio. Katikati ya mwezi mifuko imekauka, baada ya mshahara inafunguka kwa siku tano hivi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kila shughuli ya uani iandikwe kama kuna turubai au hakuna. Ramadhani bendi nyingi zinapumzika na upande wa biashara unajaa wauza futari, kwa hiyo nageuza karatasi, biashara inakuja mbele. Wiki za maonyesho ya biashara ya Sabasaba watu na fedha zao wako Barabara ya Kilwa. Na siku ya Simba na Yanga, jamani, hata mwenye onyesho la bure mwambie ahamishe.

Halafu kuna jambo ambalo haliko kwenye kalenda yoyote: msiba. Mtu akifariki mtaani, baa ya jirani inazima muziki au inapunguza, ngoma inaahirishwa, mwenye onyesho la michoro anakunja na kwenda kukaa matangani na wenzake. Ndiyo maana asubuhi ya kuchapa nawapigia simu wote, mmoja mmoja. Na ikitokea baada ya kuchapa, chukua kalamu ya maki, zunguka sehemu zote ulizobandika, andika IMEAHIRISHWA kwa mshazari juu ya habari hiyo. Usichane. Ukichana, watu wanadhani kuna ugomvi.

Kuhusu kelele, uliza kila mwenye spika kama amezungumza na serikali ya mtaa. NEMC, baraza la mazingira, wamekwisha kufungia baa nyingi jijini kwa sababu ya sauti, na baa ikifungiwa katikati ya mwezi karatasi yako inakuwa na shimo.

Kuchapa na kubandika

Tumia Word ya kawaida. Maandishi yasipungue ukubwa wa 11, kwa sababu wasomaji wako wengi wanasoma wamesimama, wengine wana miwani nyumbani. Picha za simu usiweke: ukitoa kopi nyeusi na nyeupe, sura ya mtu inageuka doa na kinyago cha mpingo ndiyo kabisa. Mpe msanii wa mtaani achore kwa kalamu nyeusi, mistari tu, hakuna kivuli. Kopi inatoka safi, na msanii amepata kuonekana. Nakala mama itunze kwenye bahasha, usikunje. Kopi ya kopi inazidi kufifia mpaka saa 2 inasomeka saa 3.

Kubandika ni adabu. Omba kwanza. Sehemu zinazofanya kazi ni mlango wa choo cha baa (watu wanasoma, niamini), kioo cha saluni, ukuta wa mama lishe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kijiwe cha bodaboda, na mlango wa mashine ya kusaga. Kituo cha daladala hakifai, mtu anaangalia gari. Nguzo za umeme waachie waganga. Msikitini na kanisani usibandike tangazo la baa hata kama umekaribishwa. Kwa huko nina nusu karatasi yenye biashara na maonyesho ya michoro tu.

WhatsApp itume kama picha, siyo faili. Faili linakula bando na wengi hawalifungui. Gawa karatasi picha mbili ili herufi zionekane kwenye simu ndogo, na uwaombe watu waiweke status siku ya Alhamisi jioni, mtu anapoanza kuwaza wikiendi.

Na tahadhari ya mwisho. Yangu ni ratiba na matangazo, sijaifanya gazeti. Ukianza kuandika habari na maoni na kuitoa kwa jina na toleo, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka leseni, na mtandaoni kuna kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mweleze mtendaji wa mtaa unachofanya kabla hajasikia kwa mwingine, mpelekee nakala ya kwanza. Wa kwetu sasa ananiletea mwenyewe siku za usafi.

Weka faili. Kila mwezi tia nakala moja, yenye tarehe. Wasanii wanaojisajili BASATA (baraza la sanaa), vikundi vya akina mama na vijana vinavyoomba mikopo ya halmashauri, wote hufika mahali wanaulizwa waonyeshe kwamba kweli wanafanya kazi, na hawana hata karatasi moja. Wanakuja kwangu, napekua faili, nawatolea ukurasa wenye jina lao. Kopi ni shilingi mia, kama za watu wengine wote.